Alumini haiwi nyekundu: kwa vijana wanaoanza karakana

Wadogo zangu mnaoingia karakana hapa Kibirizi, Kigoma, wengi wenu mmelelewa na chuma. Mnajua kikiiva kinakuwa chekundu, na ukikizamisha majini kinatoka kigumu. Hayo yaacheni mlangoni. Alumini haitoi rangi yoyote. Unaiona ileile tu, mara imeanguka chini imeyeyuka. Na ukiizamisha majini ikiwa moto, inatoka laini. Ugumu unakuja baadaye, polepole: kwa aina fulani wenyewe, kwa nyingine kwa tanuri.

Kutojua hilo kulinigharimu. Mteja mmoja alitaka kishikio cha injini ya boti. Nilikuwa na bati la alumini aina namba 6061, la milimita 6, hali ya T6, yaani limeshatiwa ugumu kwa tanuri. Kipande cha kwanza nilikibana kwenye vaisi nikakikunja kwa kona kali: ufa. Cha pili nikakichoma kwa gesi, kikakunjika kama mkeka, nikajiona fundi. Haikupita wiki mbili kishikio kikarudi kimelegea, injini ikining'inia. Mteja hakugomba, alikiweka tu mezani akanitazama. Ningeona afadhali angegomba.

Kosa nililofanya ni hili. Nguvu ya 6061 inatokana na chembe ndogo mno za magnesiamu na silikoni zilizotawanyika ndani ya metali. Ukichoma ovyo, chembe zinanenepa na kupungua idadi, hazizuii tena kitu. Bati hilo likiwa T6 linahimili mvuto wa takriban megapaskali 310 (kipimo cha nguvu ya metali) kabla ya kukatika. Likilainishwa kabisa linabaki na 125 hivi. Kwa macho hutaona tofauti.

Njia yake ni kuanza upya. Tanuri la umeme lenye kipimajoto kinachogusa kazi yenyewe, si mkaa, si kukisia. Pandisha 6061 hadi nyuzi 530, iache karibu saa nzima ili chembe ziyeyuke ndani ya metali. Kisha majini, na hapa ndipo wengi huharibu: toka mlango wa tanuri ufunguke una sekunde 15 tu, na bati jembamba ni chini ya hapo. Pipa likae mguuni pa tanuri, si nje kwenye bomba. Maji ya ziwa letu yanafaa sana, ila yakipata uvuguvugu wa kuzidi nyuzi 38 badilisha. Bati liingie kwa ukingo. Ukilitupa bapa litajipinda.

Sasa ndiyo saa ya kukunja. Usiende kunywa chai kwanza. Kunja kukatiza mistari ya kiwanda iliyo juu ya bati, usiifuate, na kona iwe ya mviringo. Ukimaliza, rudisha tanurini nyuzi 175 kwa saa 8, ndiyo inarudi T6.

Aloi (alumini iliyochanganywa na metali nyingine) zenye shaba, kama ile ya namba 2024, hazihitaji hata kurudi tanurini mara ya pili. Zinakuwa ngumu zikiwa mezani, na siku 4 zinatosha. Mjerumani Alfred Wilm aliligundua jambo hili mwaka 1906: aloi aliyoipoza iliongezeka ugumu bila kuguswa. Lakini 2024 haisubiri, ndani ya saa moja inaanza kukataa nyundo. Dawa yake ni baridi. Mimi huazima pembe ya friza kwa mama mmoja muuza samaki. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri vipande vinakaa laini siku nzima. Andika saa juu ya kila kipande, na funga vizuri, maana niliwahi kurudishiwa vyangu vikinuka migebuka.

Bati la boti la aina namba 5083 ni habari nyingine. Nguvu yake haitokani na tanuri, kwa hiyo usilipeleke huko. Likilainika hakuna joto la kulirudisha.

Umeme ukikatika katikati ya zile saa 8, usitupe kazi wala usianze upya. Andika saa ulipokatika, funga mlango wa tanuri, na umeme ukirudi hesabu saa zilizobaki kuanzia joto litakapofika 175 tena. Daftari langu limejaa hesabu hizo, nyingine nimeziandika kwa tochi ya simu.