Mimba Ilinipa Nafuu ya MS, Lakini Usikimbilie Vidonge

Dada mmoja wa Busia ameniuliza: kwa kuwa nilipokuwa mjamzito miguu yangu ilipata nguvu, na yeye ana MS (maltipo sklerosisi) kama mimi, je, ajaribu vidonge vya majira, kwa kuwa navyo vina homoni? Mwenye duka la dawa amemwambia hakuna ubaya.

Hapana, dada yangu. Subiri nikueleze.

Maltipo sklerosisi ni kinga ya mwili kugeuka na kushambulia mielini, utando unaofunika neva. Kabla ya mimba nilitembea kwa kushika ukuta. Miezi ya mwisho nikawa napanda kilima cha Nsambya kwa miguu, tumbo mbele, na mama mkwe aliyekuwa akitangaza kwamba nimerogwa akabaki kunikodolea macho. Nilifurahi, sifichi!

Halafu nikajifungua. Kila nikiinamisha shingo kumnyonyesha mtoto, kitu kama umeme kilishuka mgongoni hadi vidole vya miguu. Kwenye kliniki moja niliambiwa ni uchovu wa uzazi, nikalale. Neno hilo bado linanichoma, kwa sababu jambo lenyewe, MS kurudi kwa kishindo baada ya kujifungua, lilikuwa limeshaandikwa zamani. Utafiti wa mwaka 1998 uliofuatilia wanawake 254 wenye MS katika nchi 12 za Ulaya ulionyesha wastani wa mashambulio, yaani dalili za MS kuzuka upya, ukishuka kutoka 0.7 kwa mwaka hadi 0.2 katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, kisha ukaruka hadi 1.2 katika miezi mitatu baada ya kujifungua.

Ndipo watafiti wakaitazama estrioli, homoni inayopanda sana wakati wa mimba. Rhonda Voskuhl wa UCLA, chuo kikuu cha Marekani, na wenzake waliwapa baadhi ya wanawake 164 wenye MS miligramu 8 za estrioli kwa siku na wengine kidonge kisicho na dawa, wote wakitumia sindano za glatirameri, dawa ya MS. Matokeo yalitoka 2016: baada ya miaka miwili, mashambulio 0.25 kwa mwaka kwa waliopewa estrioli, dhidi ya 0.37 kwa wengine. Yanatia moyo, ila jaribio ni dogo, na estrioli haikuchukua nafasi ya dawa, iliongezwa juu yake. Vidonge vya majira vina homoni nyingine kabisa.

Na nyinyi akina kaka mnaouliza kama testosteroni, homoni ya kiume, inatibu MS: jaribio la 2007 lilikuwa na wanaume kumi tu, bila kundi la kulinganisha. Tulieni.

Ukitaka mtoto, nenda kwa daktari wa neva kabla mimba haijaingia. Muulize dawa uache lini na uirudie lini baada ya kujifungua. Tafuta mapema mtu wa kukubebea mtoto usiku. Acheni kutibiwa na maneno ya dukani, jamani, mwili ni wako! Na huyo aliyekwambia "jaribu tu", muulize kama atakuja kukupandisha ngazi siku mguu utakapokufa ganzi.