Mwanangu, umeuliza kama yule mama alimpenda mtoto wake

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, na nimefurahi kusikia kwamba umeimaliza ile riwaya ya Yuko Tsushima, mwandishi wa Kijapani, niliyokupa ulipokuja likizo. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, iwapo yule mama anampenda kweli binti yake, ilhali anamfokea usiku, anapitiwa na usingizi hadi anachelewa kumpeleka chekechea, anakunywa pombe, na siku moja anampoteza bustanini. La pili, kwa nini kitabu hicho nilikupa wewe. Nimekaa na maswali yako siku kadhaa, kwa kuwa sikutaka kukujibu haraka haraka.

Tuanze na nyumba. Mwanamke asiyetajwa jina, ambaye ametengana na mumewe, anapanga orofa ya nne, ya juu kabisa, katika jengo kuukuu la ofisi mjini Tokyo, akiwa na mtoto ambaye hata miaka mitatu hajatimiza. Madirisha yako pande zote na nuru inajaa ndani, na ndiyo sababu kitabu kikaitwa Hikari no ryōbun, jina ambalo kwa Kiswahili ningelisema Milki ya Nuru. Lakini jioni, duka la kamera lililo chini likishafungwa na watu wa ofisi wakishaenda kwao, jengo zima hubaki la watu wawili. Mtoto akiamka usiku wa manane akalia, hakuna jirani wa kubisha hodi na kusema, "Hebu niletee huyo nimbebe kidogo." Nataka ulifikirie jambo hilo kabla hujampima mama yule, maana sisi tulikuwa na uani, na uani kulikuwa na wanawake ambao hawakungoja kuombwa.

Kuna jambo dogo ambalo huenda ulilipita bila kulitazama. Jengo lile lina jina la Fujino, na Fujino ndilo jina la ukoo la mumewe, hivyo watu humdhania kuwa ndiye mwenye nyumba. Sheria ya Japani inawataka mke na mume watumie jina moja la ukoo, na mara nyingi mno ni mwanamke anayeliacha lake. Kwa hiyo huyu ametoka kwa mume, akahamia chini ya jina lile lile, na kila siku akirudi kazini, kwenye maktaba ya kituo cha redio, analipita mlangoni. Mwandishi halielezi sana, analiacha likae pale, nami nilihisi uzito wake kuliko ugomvi wowote ulioandikwa humo.

Sasa upendo. Wewe uliutafuta katika maneno, na katika maneno haumo. Rudi kwenye sura ya maji. Mama anasikia sauti ya maji na kudhani ni mvua, kisha watu wa ofisi za chini wanalalamika kwamba kwao kunavuja, na lawama inamwendea yeye. Wanapopanda juu ya paa wanakuta maji ya tangi yametapakaa, safi, yanacheza na jua, na mtoto anafurahi kana kwamba ameletewa bahari. Mama yule, aliyetoka kulaumiwa kwa kosa lisilo lake, angeweza kumvuta mkono wakateremka. Hakumvuta. Alisimama akayaona maji kama mwanawe alivyoyaona. Vivyo hivyo katika habari ya dirisha: mtoto anatupa vitu vyake juu ya paa la vigae la jirani, zikiwemo karatasi za rangi za kukunjia maumbo, majirani wanakasirika, na mwishowe madirisha yanawekwa wavu. Mama anaona aibu, tena aibu kubwa, lakini anaziona pia zile rangi zilivyotawanyika juu ya vigae, na anaweza kufikiri jinsi zilivyompendeza mtoto. Mtu asiyempenda mtoto haoni kitu kama hicho, huona fujo tu.

Hata hivyo sitaki kumtakasa, kwa sababu Tsushima mwenyewe alikataa kumtakasa. Riwaya hiyo ilitoka sura kwa sura katika jarida la fasihi la Gunzō kati ya mwaka 1978 na 1979, sura kumi na mbili kwa miezi kumi na miwili, na tangu mwanzo wasomaji walipewa mama anayekasirika na kuchoka, asiyejua la kufanya kesho. Naona alifanya hivyo kwa makusudi na kwa haki. Tukimfanya mama anayelea peke yake kuwa malaika, tunamsifu halafu tunamwacha na mzigo wake, kwa kuwa malaika hahitaji msaada. Mume wa kitabuni anasema hana fedha za matunzo, na hilo halikuwa la kitabuni tu: uchunguzi wa serikali ya Japani wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba katika nyumba zinazoongozwa na mama peke yake, waliokuwa wakipokea fedha za matunzo kutoka kwa baba walikuwa asilimia 28 hivi. Miaka zaidi ya arobaini ilikuwa imepita tangu sura ya mwisho ichapishwe.

Tsushima aliyajua haya kwa mwili wake. Alizaliwa mwaka 1947, na alikuwa na umri wa mwaka mmoja tu baba yake, mwandishi Osamu Dazai, alipojitosa majini pamoja na mwanamke mwingine. Mama yake alibaki na watoto watatu, mmoja wao akiwa na ulemavu wa akili, na mtoto huyo alifariki angali kijana. Baadaye Tsushima naye akalea watoto wake bila mume. Ndiyo maana nadhani hakuwa na haja ya kumtetea mama yule wala kumshitaki.

Nimekuja kwenye swali lako la pili, ambalo ndilo gumu. Nilikupa kitabu hiki kwa sababu mara nyingi husema mbele za watu kwamba mimi sikuwahi kuchoka nawe, na kila ukisema hivyo mimi hunyamaza. Nilichoka, mwanangu. Ulipokuwa na miaka minne ulikuwa na homa siku tatu mfululizo, na usiku wa tatu, ulipokuwa ukilia bila kukoma, nilikufokea kwa sauti ambayo sikujua kuwa ninayo, nikakuacha kitandani, nikatoka kukaa kizingitini huku nimeziba masikio. Mama wa chumba cha pili ndiye aliyekuja kukuchukua, na wala hakuniuliza kitu. Nilipokisoma kitabu hiki, kwenye usiku ule wa kilio, nilikifunga nikatoka nje kidogo kabla ya kuendelea.

Hilo sikuweza kukuambia mdomoni. Sasa unalijua, na ukiwa na la kuniuliza zaidi, niulize.

Mama yako