Mfumo wa Masomo Mtandaoni Unapoelemewa: Maswali na Majibu

Mfumo wa chuo chetu kikuu hufanya kazi vizuri muhula mzima, lakini hukwama siku ya mtihani. Je, tununue seva kubwa zaidi?

Msinunue chochote kabla ya kupima. Idadi ya wanafunzi waliosajiliwa haielezi mengi. Kinachouelemea mfumo ni wingi wa wanaoutumia kwa wakati mmoja, na mtihani unaofunguliwa saa tatu kamili huwaleta wote ndani ya dakika ileile. Kila mmoja anaingia, anafunguliwa karatasi yake, na majibu yake yanahifadhiwa tena na tena, kiasi kwamba mara nyingi hifadhidata ndiyo inayozidiwa ilhali seva inayotoa kurasa ingali na nafasi. Chunguzeni kwanza ni maombi gani yanayoichelewesha hifadhidata, kisha fanyeni jaribio la mzigo kwa programu kama JMeter, inayoiga watumiaji wengi kwa pamoja, mkilifanya kwenye nakala ya mfumo na kamwe si kwenye mfumo unaotumika. Wahadhiri nao wakikubali makundi yaanze kwa kupishana dakika 10, kilele cha mzigo kitashuka bila gharama yoyote. Mwanafunzi anayepoteza majibu kwa hitilafu isiyo yake ameonewa, kwa hiyo ombi hilo kwa wahadhiri ni la haki.

Tumeongeza seva ya pili, na sasa wanafunzi wanatolewa ghafla na kutakiwa kuingia upya.

Yaelekea kila seva inatunza peke yake kumbukumbu za walioingia, hivyo ombi linapopelekwa kwenye seva nyingine, mwanafunzi huonekana mgeni. Ziwekeni kumbukumbu hizo mahali pamoja, kwa mfano katika Redis, programu ya kuhifadhi data inayohitajika haraka, ambayo Moodle, mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni, huweza kuitumia. Faili zilizopakiwa nazo zifikiwe na seva zote.

Video za mihadhara zihifadhiwe humo humo?

Hapana. Ziwekeni kwenye huduma maalumu ya video, na kozi ibaki na kiungo tu.

Hifadhidata yetu hunakiliwa kila usiku. Je, inatosha?

Haitoshi. Katika Moodle, kazi ambazo wanafunzi wamepakia hukaa kwenye folda ya data iliyo nje ya hifadhidata, kwa hiyo folda hiyo pia inakiliwe. Kisha rejesheni nakala hizo kwenye seva tupu, mhakikishe kozi zinafunguka na kazi zinasomeka, na mpime muda uliotumika, kwa kuwa takriban huo ndio muda ambao wanafunzi watasubiri seva itakapoharibika.