Uti ni mfupa jamani, kamba ya ndani ina jina lake

Swali: Mama kafanyiwa opresheni ya tumbo, siku ya pili hata shuka likigusa karibu na mshono anaruka. Dokta katwambia "uti wa mgongo ndo unakuza maumivu". Uti si mfupa, au mie ndo sijui Kiswahili?

Jibu: Mpe mama pole. Kiswahili unakijua, dokta naye kasema kweli ila kakosea jina. Uti ni ndugu wa mti, kitu cha kusimamisha mwili (siyo ile yu-ti-ai ya mkojo, tafadhali). Uti wa mgongo ni pingili za mifupa, basi. Kinachopita ndani yake ni UGWE, yaani kamba nyembamba, na hii ni ya neva (mishipa ya fahamu) zinazopeleka taarifa kwenye ubongo, neno letu wenyewe wala hatujakopa kwa mtu, na bado watu wanalikwepa!

Kuita ugwe uti ni kuita kisu ala. Nenda wodi ya wazazi uone, mama anaambiwa kabla ya kupasuliwa atachomwa sindano "ya uti wa mgongo", jasho linamtoka, anajua mfupa unatobolewa na shoga yake keshamwambia atapooza, kumbe sindano inapita katikati ya pingili kule chini kiunoni ambako ugwe umeshaishia juu zaidi, dawa inaingia kwenye maji ya humo ndani tu. Mfupa hautobolewi, ugwe hauguswi. Daktari Mjerumani August Bier kafanya hivyo tangu 1898, sisi mpaka leo tunatishana kwa neno moja.

Sasa ya mama. Kidonda kinatuma taarifa mfululizo kwenye ugwe, upande wa nyuma, neva zinamwaga kemikali ya glutameti, na seli za pale zikigongwa sana zinakuwa na hasira, mguso mdogo tu zinaupeleka kwenye ubongo kama maumivu. Mtafiti wa maumivu Clifford Woolf aliandika habari hiyo 1983. Kwa hiyo mama hadeki, ni ugwe umepandisha sauti. Mfupa ungepandisha sauti gani?

"Homa ya uti wa mgongo" nimeiachia, nimechoka, ingawa kinachougua ni utando unaofunika ubongo na ugwe, mfupa wa watu haumo kabisa. Ila ukisema homa ya utando watu watadhani bando limeisha.