Kufuli la gemu linamsumbua aliyelipa, anayekreki halimgusi

Mkuu umeuliza vitu viwili, kwanini makampuni ya gemu yanashindwa kuweka kufuli (ulinzi wa kuzuia gemu isinakiliwe bure) lisilovunjika, na kama ni aibu mtu mzima mwenye kipato kuendelea kucheza gemu za kukreki, yaani zilizovunjwa kufuli zikachezwa bila kulipa. Hili jambo nimeishi nalo tangu niko mdogo kwahiyo jibu langu ni refu, nivumilie.

Mi nimekulia kwenye banda la gemu Temeke, la kaka yangu, TV mbili za inchi 14 na PS1 (PlayStation ya kwanza) mbili, mechi moja shilingi mia. Mle ndani hakukuwa na diski orijino hata moja, zote za kuchoma, yaani nakala zilizonakiliwa kwenye CD tupu, tunazifuata Kariakoo ziko kwenye vimfuko vya nailoni na kava ya fotokopi. Waliokuwepo enzi hizo watakumbuka lenzi ikichoka unaigeuza mashine juu chini ndo inasoma. Na mashine ikinunuliwa mpya kabla haijaingia bandani inapita kwanza kwa fundi kupigwa chip, maana bila chip ukiweka CD ya kuchoma inakutolea maandishi kwamba weka CD ya PlayStation, basi, hapo hauendi popote. Wasiokuwa na chip walikuwa wanaweka orijino moja, wanakibana kile kitufe cha mfuniko na njiti ya kiberiti, halafu diski ikiwa bado inazunguka wanaichomoa fasta wanapachika ya kuchoma.

Kupeleka mashine kwa fundi ilikuwa kazi yangu, na nilikuwa siondoki, nakaa pembeni naangalia. Chip yenyewe kidude cheusi cha miguu minane, kadogo kuliko punje ya maharage, na fundi anachomelea viwaya vyembamba kwa risasi kutoka kwenye ile miguu kwenda kwenye bodi, ameziba pumzi kabisa, maana risasi ikimwagikia pini ya jirani mashine ya mtu imekufa. Mimi miaka yote nikajua chip ndo inayosoma CD. Kumbe wala.

Iko hivi. Diski orijino ya PS1, pale mwanzoni karibu na tundu la katikati, ile njia ambayo lenzi inaifuata imechongwa inayumba kidogo kwa makusudi, na ndani ya ule myumbo kuna herufi nne: SCEI kwa Japani, SCEA kwa Marekani, SCEE kwa Ulaya. Mashine ikiwaka inazitafuta hizo herufi, isipoziona inagoma. Sasa CD tupu ya dukani njia yake imeshachongwa tayari kiwandani, mashine ya kuchomea inaandika data tu juu yake, haiwezi kuchonga myumbo mpya, kwahiyo unaweza kuwa na nakala ambayo data yake haina tofauti hata moja na orijino na bado ikakataliwa. Watu walidhani siri ni ule weusi wa chini ya diski, hapana, siri ilikuwa huo myumbo. Na chip haikuwa inasoma chochote, kazi yake ilikuwa kuitajia mashine zile herufi nne kana kwamba zimetoka kwenye diski.

Ila angalia kitu kingine hapo hapo. Herufi hizo hizo ndo zilimfanya mtu aliyenunua diski orijino ya Japani, kwa hela yake halali, asiweze kuicheza kwenye mashine ya Ulaya. Yaani tangu mwanzo kufuli lilikuwa linamkamata na mteja pia.

Baadae kwenye mwaka 1999 hivi gemu zikaanza kuwinda chip. Chip za zamani zilikuwa zinataja zile herufi muda wote bila kunyamaza, kwahiyo gemu inasikiliza pale ambapo herufi hazitakiwi kuwepo, ikizisikia tu inasimama na inaleta tangazo kwamba huenda mashine imechezewa. Mafundi nao wakaleta chip inayotaja mara moja mashine ikiwaka halafu inanyamaza. Ukaendelea mchezo huo huo.

Na hapa ndo jibu la swali lako la kwanza. Kufuli lisilovunjika haliwezekani kwa sababu kufuli na funguo vyote viko sebuleni kwako, ili gemu icheze lazima mashine yako ifike mahali iifungue, na kinachofunguliwa ndani kwako kuna mtu atakaa usiku kucha mpaka aone kinavyofunguliwa. Wajuzi wanalijua hilo, wanachotafuta ni muda tu. Waliotengeneza gemu ya PS1 inaitwa Spyro: Year of the Dragon mwaka 2000 waliweka ulinzi tabaka kwa tabaka, ukivunja la juu gemu inawaka vizuri unashangilia, halafu huko mbele mayai na vito ulivyokusanya vinaanza kupotea, na ukifika kwa adui wa mwisho inakurudisha mwanzo na inafuta sevu yako. Spyro ya kabla yake ilivunjwa ndani ya wiki kama moja, hii ikachukua zaidi ya miezi miwili, na miezi ya mwanzo ndo gemu inauza. Denuvo, kufuli la gemu za kompyuta lililokuja 2014, nayo ni hesabu hiyo hiyo, ndo maana kuna makampuni yanaitoa kimya kimya mauzo yakishapoa.

Kuhusu aibu. Orijino yangu ya kwanza nilinunua nikiwa chuo, gemu ya magari ya kompyuta, kampuni siitaji, bei yake ilikuwa hela ya kula ya wiki mbili. Kila ukiiwasha inataka intaneti ijihakiki, bando likiisha huchezi gemu uliyoilipia. Laptopu ikanisumbua nikapiga Windows upya mara tatu, ya nne ikaniambia nimemaliza idadi ya kuisajili. Nikawaandikia barua pepe tatu, sikujibiwa hata moja. Na mwenzangu wa chumbani alikuwa na hiyo hiyo ya kukreki, anacheza mbele yangu usiku bila bando. Iliniuma sana ile, siwezi kusema uongo. Na sikuwa peke yangu, gemu ya Spore ya 2008 iliwekewa kikomo cha kuisajili mara tatu, wateja wakaja juu, na ikaishia kuwa kati ya gemu zilizoibiwa kuliko zote mwaka ule. Mei 2024 gemu ya Helldivers 2 ilitaka wachezaji wa kompyuta waunganishe akaunti ya PSN (mtandao wa PlayStation), wakati PSN haipatikani rasmi kwenye nchi nyingi za Afrika, ikaondolewa sokoni kwenye nchi zaidi ya 170. Baada ya kelele wakaondoa hilo sharti.

Lakini upande wa pili upo na nauheshimu. Aprili 2013 ndugu wawili wa Greenheart Games walipoanza kuuza kwenye tovuti yao Game Dev Tycoon, gemu ya kuendesha kampuni ya gemu, wakaimwaga wenyewe mtandaoni nakala yenye mtego, ambayo kampuni yako ndani ya gemu inafilisika kwa sababu watu wanaiba gemu zako. Siku ya kwanza waliolipa ni 214, nakala za bure zilizochezwa 3,104. Na kuna waliocheza bure wakaenda kuomba msaada jinsi ya kuzuia wizi ndani ya gemu! Ile namba 214 nikiikumbuka roho inaniuma, wale ni watu wawili tu.

Kwahiyo mkuu, enzi za banda sioni aibu, hakukuwa na duka lililotuuzia. Leo kama duka linapokea kadi yako na mtengenezaji ni mdogo, lipia, kaza kamba ulipie. Ila kabla ya kulipa angalia ukurasa wa gemu pale Steam, duka la gemu la mtandaoni, upande wa kulia wanaandika kama ina Denuvo au inataka akaunti ya kampuni nyingine pembeni. Na kama ipo GOG, duka jingine la mtandaoni, nunua huko, wao tangu 2008 wanauza bila kufuli, unapakua faili la kusakinisha lenyewe unaliweka kwenye diski ya nje. Mi yangu nimeyajaza kwenye diski ya terabaiti moja, juzi umeme umerudi intaneti bado haijarudi, nikasakinisha moja na dogo akacheza mpaka usiku.