Ukiomba hela ya serikali kwa ajili ya watoto wenye trauma, anza na mshahara

Kosa langu kubwa kwenye kazi hii nililifanya kwenye karatasi ya bajeti. Andiko letu la kwanza la kuomba ruzuku tulijaza semina, vipeperushi, posho, mpaka fulana jamani, halafu mshauri nasaha mwenyewe tukamwekea mkataba unaoisha na mwaka wa fedha. Hela ikachelewa kama kawaida yake, miezi ikaliwa hapo katikati, alivyoanza kazi alikuwa kabakiwa na muda kiduchu.

Kuna mtoto mmoja wiki za mwanzo alikuwa haongei kabisa, anachora tu, ndo kwanza kaanza kufunguka mkataba ukaisha. Akaja siku yake, kamkuta mshauri hayupo. Akaniuliza, "Na yeye kaondoka?" Hiyo "na yeye" ilinimaliza.

Mtoto aliyeumizwa na watu aliowaamini anahitaji mtu mzima ambaye leo yupo na wiki ijayo yupo, sasa sisi na hela za umma tukamwongezea mtu mwingine wa kumwacha. Tiba kama TF-CBT, ya mazungumzo kwa watoto wenye trauma na walezi wao, huwa ni vikao 12 mpaka 16 hivi, weka na muda wa kukuzoea, weka na wiki ambazo mlezi kakosa nauli, hapo nusu mwaka ishakwenda na mtoto ndo yuko katikati. Kwa hiyo omba mshahara wa mshauri wa miaka mitatu. Wakikataa omba miwili, na andika kabisa fungu la vikao vya kuagana.

Na ukikaa na watu wa hazina usianze na machozi, hadithi za kuhuzunisha wanazisikia kila siku. Mara ya pili tulienda na utafiti wa ACE (yaani madhila ya utotoni) wa 1998, wa kina Felitti na Anda kule Marekani, watu wazima 9,508: waliopitia aina nne au zaidi za madhila utotoni walikuwa kwenye hatari mara 4 mpaka 12 zaidi ya ulevi, madawa, sonona na kujaribu kujiua ukilinganisha na ambao hawakupitia hata moja. Hizo ni gharama ambazo bajeti ya afya italipa tu baadaye. Ila wasije wakachukua alama za ACE, ile hesabu ya aina za madhila alizopitia mtu, kuamua mtoto yupi ahudumiwe, zinafaa kwa kundi na sio kwa mtoto mmoja mmoja, Anda mwenyewe na wenzake walishaonya 2020. Ongeza na kifungu cha 39 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kinataka serikali zimsaidie mtoto aliyeumizwa apone mwili na akili, na karibu nchi zote zimeridhia.

Nenda mapema, kabla hawajafunga makadirio. Ukishasikia "tutaangalia mwakani" ujue umechelewa.

Fulana tulizifuta. Aliyelalamika ni mimi peke yangu, nilikuwa nishachagua na rangi.