Bastola uliyoikuta ukitafuta dhahabu Chunya

Ndugu yangu, umesema detekta, kile kifaa cha kutambua madini ardhini, imelia, ukachimba, ukakuta bastola ndani ya mfuko wa rambo, na sasa unataka kuipeleka kituoni kwa bodaboda. Tafadhali usifanye hivyo! Ukisimamishwa njiani, wewe ndiye uliyekutwa na silaha bila kibali, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 ni kali. Iache hapohapo. Kutu isikudanganye, risasi inaweza kuwa bado imo ndani. Wala usiifute udongo: namba iliyogongwa kwenye chuma, hata alama za vidole, huenda zikafichua aliyemuua mtoto wa mtu. Piga picha kwa mbali, piga 112, mwite na mtendaji wa kijiji ashuhudie. Wachimbaji wenzako wasisogee mpaka polisi wafike.